Mama wa Southall Aliyekataa Kunilipa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema zimekaa hapa kooni, ukinigonga mgongoni kidogo tu zinatoka. Sikatai. Ila zinapoa upesi pia, na hilo yeye halisemi mbele ya watu. Nalitaja mapema ili ukisikia jinsi nilivyomkasirikia bibi mmoja wa Southall mwenye magoti mabovu, usinione mnyama.

Kazi yangu ni ujenzi. Nilizaliwa Mombasa, nikajifunza kushika mwiko na pimamaji kwa mjomba wangu, na sasa miaka mingi naishi Wembley, London. Nimepiga plasta nyumba nyingi za upande huu hata nikipanda basi na mke wangu namchosha: ile yenye mlango wa buluu, sebule yake niliitengeneza mimi, ile ya kona, bafu lile ni langu. Yeye ametoka zamu hospitalini, miguu inamuuma, ananiangalia tu. "Zote zako, baba," husema, "isipokuwa ile tunayolipia kodi." Tunacheka, tunashuka, tunanunua samaki. Maisha yangu ni mazuri, sina sababu ya kuyalalamikia.

Huyo mama nilikutana naye katika duka la vifaa vya ujenzi pale Southall. Nilikuwa nimesimama mbele ya mbao, nainung'unikia bei peke yangu kwa Kiswahili cha nyumbani, na maneno mengine si ya kuandika hapa. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Wewe, tukana polepole, mimi nasikia."

Nikageuka. Bibi wa Kipunjabi, mfupi, mtandio kichwani, mkongojo mkononi, na macho yanayocheka. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la mbao na mabati, naye akaletwa London akiwa bibi harusi. Kiswahili chake hakikuzeeka naye. Kilibaki vilevile cha dukani kwa baba yake, kisichojali ngeli wala kumwogopa mtu. Akaniuliza kama najua kujenga au najua kutukana tu. Kabla hatujafika kwenye malipo alikuwa amenipa kazi.

Mumewe alikuwa amefariki. Chumba chake cha kulala kilikuwa juu na bafu juu, na ngazi zenyewe ni zile za nyumba za zamani, nyembamba, zinazopanda wima. Magoti yalikuwa yamekataa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanaume mtu mzima anayefanya kazi ya ofisini Croydon, na huyo alitaka nyumba iuzwe, mama ahamie fleti yenye lifti karibu naye. Mama hakutaka. Katika barabara ile alikuwa ameishi tangu ujana, hekalu lake liko mwendo mfupi, mwenye duka la mboga anamwekea bamia kabla hazijaisha. Wakasikilizana kwamba kwanza wajenge chumba cha nyuma, chini, chenye bafu lake, halafu waone. Ndipo mimi nikaingia.

Sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha namna ile. Nilichimba msingi kwenye mvua, na kila nikiinua kichwa naona kikombe: chai ya maziwa yenye iliki, na sahani ya muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu. Aliweka kiti mlangoni mwa jikoni akawa mkaguzi. "Fundi, hii ukuta inaenda Nakuru," angesema. Namwonyesha pimamaji, kiputo kimetulia katikati kabisa. "Hiyo kitu yako imezeeka kama mimi," anajibu, "haioni." Nilikuwa nikirudi Wembley jioni mbavu zinauma kwa kucheka. Malipo alitoa bila kukumbushwa, msingi ukiisha, kuta zikiisha, paa likiisha, kila mara na chai.

Halafu akaanguka. Asubuhi moja nilifika nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, nguo za kufua zimetawanyika, anajisugua kiwiko. Alikuwa na hasira, hasa kwa sababu nimemwona. Hakuvunjika kitu, tulipima, tukapinda, tukanyoosha. Akaniapisha nisimwambie mtoto wake. Mimi nilinyamaza, lakini kiwiko hakikunyamaza, kilikuwa cheusi hadi Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mtoto kuja.

Siku hiyo yule mwana alinifuata uani. Alikuwa mpole, suruali yake safi ikagusa mfuko wa saruji wala hakujali. Akaniuliza kwa Kiingereza zimebaki wiki ngapi. Nikamwambia. Akasema vizuri, maana kazi ikiisha tu dalali atakuja kupiga picha, na nyumba yenye chumba kipya itapata mnunuzi haraka. Nikajibu sawa. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi, mambo ya mama na mwanawe yana wenyewe.

Kuanzia wiki ile kasoro zikaanza. "Fundi, hii mlango inalia." Naupaka mafuta. Kesho yake analia tena, yaani mama, mlango umenyamaza. Vigae vya bafuni alivyochagua mwenyewe sasa vinamkumbusha hospitali, nivitoe. Dirisha lifunguke upande wa pili. Rangi iwe nyeupe nyingine. Nyeupe nyingine ndiyo ipi, Mama? Nyeupe yenye roho, anasema. Nikatoa vigae, nikageuza dirisha, nikatafuta nyeupe yenye roho Southall nzima. Na akili zangu zote hizi, sikuunganisha chochote.

Hatimaye hapakubaki cha kugeuza. Nilimwambia nimeita mkaguzi wa halmashauri aje aipitishe kazi, na sasa naomba lile fungu la mwisho.

"Sikulipi," akasema.

Nilidhani ni utani wetu. Nikasubiri acheke.

"Kuna kitu hukukipenda, Mama?"

"Nimependa yote. Chumba mzuri sana. Lakini sikulipi." Na alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefanya jambo jema. Hilo ndilo lililonichemsha. Mtu akikudhulumu akiwa amekunja uso unajua mlipo. Huyu ananidhulumu na kuniongezea chai. Nilikusanya ndoo zangu nikaondoka bila kuinywa, na ile safari ya basi hadi Wembley siikumbuki kabisa.

Jumapili shemeji yangu alikuja kula kwetu. Ni mdogo wake mke wangu, wakili wa mambo ya nyumba, na mimi na yeye ni watani wakubwa, hatuwezi kupeana chumvi bila maneno. Siku ile sikuwa na utani. Nilimwambia nataka kuweka zuio kwenye nyumba ya mtu.

Kwetu zuio kila mtu analijua. Mkigombana juu ya kiwanja au unamdai mtu, unakwenda ofisi ya ardhi, unaandikisha dai lako kwenye hati, na nyumba ile haiuziki mpaka mmalizane. Ndugu wanawekeana, mke anamwekea mume aliyeanza kumwita dalali kisirisiri. Nilijua London pia watakuwa nalo, wana kila kitu.

"Una haki gani kwenye nyumba yake?" shemeji akauliza.

"Nimeijenga."

"Umejenga kwenye ardhi yake. Kila tofali ulilobandika limekuwa lake palepale ulipolibandika."

"Saruji nilinunua mimi."

"Na saruji." Akaweka kijiko chini. "Ungekuwa fundi viatu, ungekaa na kiatu chake hadi akulipe, na sheria ingekuwa nawe. Fundi wa magari vilevile, gari liko gereji, halitoki. Lakini nyumba huwezi kuiweka kwapani ukaondoka nayo. Zipo nchi ambako fundi asiyelipwa anaandikisha dai lake juu ya nyumba yenyewe. Hapa hakuna. Mwenyewe akikwambia toka, unatoka na ndoo zako."

"Na kwetu?"

"Hata kwetu sina hakika kama fundi anaruhusiwa. Watu huweka tu."

Akanieleza njia iliyobaki. Nimshtaki yule mama kwa deni. Nikishinda na bado asilipe, niiombe mahakama iliandike deni juu ya nyumba yake. Na akizidi kukataa, naweza kurudi kwa hakimu kuomba nyumba iuzwe ili nilipwe. Nilisikia neno kuuzwa, nikalipita, maana kichwa changu kilikuwa kimekwama kwingine.

"Kwa hiyo fundi viatu ananishinda mimi?"

"Anakushinda, shemeji. Ongeza mchuzi."

Mke wangu alicheka hadi akatoka mezani. Mimi nilikula kwa hasira, na chakula cha hasira hakina ladha hata kiwe biriani.

Jumatatu nilikwenda Southall na maneno yangu nimeyapanga tangu kituo cha basi. Nitamwambia mimi ni baba wa watu, na sikutarajia hili kwa mtu niliyemwita Mama. Alifungua mlango kabla sijagonga. Hakunisalimia. Alinishika mkono wa shati akaniuliza kwa sauti ya chini, ingawa nyumba nzima tulikuwa sisi wawili, "Umeweka?"

"Nimeweka nini?"

"Zuio. Kwa nyumba."

Maneno yangu yote yakapotea. Akanivuta hadi chumba kipya, yeye akakaa kitandani, mimi nikakaa juu ya ndoo iliyokuwa imebaki, na akanieleza.

Kisumu, alipokuwa msichana, mtu mmoja alikopa mbao na mabati kwa baba yake, akajenga nyumba, akashindwa kulipa. Baba akaweka zuio. Baadaye yule mtu akafariki, na ndugu zake wakaja wanataka kuiuza nyumba. Haikuuzika. Walikwenda ofisi ya ardhi wakarudi, walimleta mnunuzi akakimbia. Mjane alikaa mle na watoto wake hadi wakakua. Baba alikuwa ameshaacha kudai kitambo, alilisahau hata deni lenyewe, lakini yule mjane kila mwaka alimletea samaki dukani.

"Mimi nimefikiri," akasema. "Mtoto anangoja kazi iishe auze. Sasa nikikaa na deni yako, wewe utakasirika. Fundi wa kwetu akikasirika anaenda kuweka zuio. Nyumba haiuziki. Pesa yako iko kwa kabati, yote, nimeifunga. Lakini usichukue. Kaa na hiyo zuio. Siku nikikufa, mtoto atakulipa."

Kumbe nyeupe yenye roho na mlango unaolia vilikuwa vya kuvuta muda. Kumbe lile tabasamu lilikuwa la kunikasirisha makusudi, na lilifanya kazi yake barabara. Nilimwonea huruma. Nilimpenda pia, nasema wazi. Ningekubali kuubomoa ukuta ule na kuujenga upya bure kuliko kumwambia yale niliyokuja nayo kichwani kutoka kwa shemeji.

Nikamwambia. Hakuna zuio la fundi hapa, Mama. Nyumba siwezi kuigusa. Njia pekee ni mahakama, na hilo neno nililolipita Jumapili sasa likanirudia lote: mwisho wa njia ile ni hakimu kuamuru nyumba iuzwe. "Hilo deni halingekuzuilia nyumba," nilisema. "Mimi mwenyewe ndiye ningekuja kuiuza."

Aliulaza mkongojo magotini. Aliangalia dirisha nililoligeuza. Halafu akaanza kuongea mambo ya sufuria, zipi zitaingia kwenye fleti na zipi atawapa majirani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasema Croydon hana mtu wa kutukanana naye. Nikainuka, nikakaa tena kwenye ndoo.

Mwisho nikampigia shemeji. Akiwa kazini huwa hapokei simu zangu, anadai nampigia kumuuliza amekula nini. Siku ile alipokea. Nikaweka spika, nikamweleza kisa chote.

"Muulize nyumba iko kwa jina la nani."

Mama akaichukua simu. "Jina yangu iko. Ya mtoto iko. Mzee alipokufa tulienda tukaandika wawili."

"Basi Mama, nyumba hiyo haiuziki bila sahihi zenu zote mbili."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyesema. "Lakini yeye sasa ndiye mkubwa ya nyumba," akaiambia simu. "Tangu mzee afe, mtoto akileta karatasi mimi natia sahihi. Sijauliza hata mara moja."

"Kwenye hati hakuna mkubwa, Mama. Mko wawili sawasawa. Ukikataa kutia sahihi, dalali hana la kufanya. Mwanao akitaka kulazimisha itabidi aende kwa hakimu, na hakimu atauliza nyumba hiyo ni ya kazi gani na nani anaishi ndani yake. Siwezi kukuahidi hakimu atasema nini. Lakini kwanza mwanao atake kushtakiana huko na mama yake."

"Hawezi," Mama akasema papo hapo. "Mtoto mzuri huyo."

"Basi."

Alinirudishia simu, akaushika mkongojo, akaenda kabatini. Bahasha akaitia mkononi mwangu bila sherehe yoyote. "Chukua deni yako," akasema, "haina kazi." Sijawahi kulipwa kwa dharau tamu kama ile. Chai yake siku hiyo nilikunywa vikombe viwili.

Mkaguzi alikuja akapita, akagonga hapa na pale, akaridhika. Jumamosi nilirudi kuchukua vifaa vyangu vilivyobaki. Mama ndiye aliyenitaka nije Jumamosi wala si siku nyingine, na sikumuuliza kwa nini. Mwanawe alikuwa amefika, na machungwa, na dawa za mama kutoka famasia. Nilimwonyesha chumba. Alifungua bomba, akabonyeza ukuta kwa kiganja, akaketi kitandani akajirusha kidogo kama mtoto. Akanipa mkono akasema nimefanya kazi nzuri sana. Kweli nilijisikia vizuri, maana alikuwa anamaanisha.

Kisha akatoa karatasi za dalali, akazitandaza juu ya meza ya jikoni mbele ya mama yake, akaweka kalamu juu. Mimi nilikuwa kwenye sinki la nje ya mlango naosha karai, naona kila kitu. Mama aliisukuma kalamu kwa kidole kimoja, taratibu, hadi ikafika ukingo wa meza upande wa mwanawe.

Walianza kwa Kipunjabi, lugha ambayo mimi najua majina ya vyakula tu. Kijana, namwita kijana lakini ndevu zina mvi, hakugomba. Alikuwa anabembeleza. Alionyesha ngazi, alikishika kiwiko cha mama yake akakigeuza kwenye mwanga, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Ndipo nilipoelewa kwamba Jumamosi ile alipoona kiwiko cheusi, mtu huyu alirudi Croydon na hakulala vizuri tena. Nilikuwa nimemweka upande wa madalali muda wote ule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamjibu kitu kifupi.

Yule mwana aliichukua kalamu yake. Alizikunja karatasi, akazitia mfukoni, akanipita mlangoni bila kuniona, akaenda kusimama uani ameuelekea ukuta wangu.

Nikachungulia jikoni. "Umemwambia nini, Mama?"

"Nimemwambia, nikianguka, nitaanguka kwangu."

Alikuwa anamenya chungwa, na ganda lilikuwa linakatika vipande vidogo vidogo. Nililichukua nikammenyea mimi.

Mwanawe aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Hakwenda mezani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kipya, akaniita. Akataka kujua kama ukuta ule unaweza kubeba vyuma vya kushikilia, kutoka kitandani hadi bafuni. Nikamwambia unabeba hata ng'ombe. Akasimama pale mama yake atakapokuwa akishukia kitandani, akakunja magoti kidogo, kidogo tena, hadi akafika kimo chake, na kutoka hapo chini akanyoosha mkono kuutafuta ukuta.

"Hapa," akasema. "Cha kwanza kiweke hapa."